Haki ya Kupunjwa

Habari kwamba Verna Stachowiak amemtoa mkimbiaji bora wa msimu na kumpokea Remy Fontenot ilienea mjini kabla kahawa ya asubuhi haijapoa. Gus Oberle, dereva wa lori la maziwa, aliisambaza shamba kwa shamba bila kuombwa. Harlan Brekke ilimkuta juu ya ngazi akizoa majani kwenye mfereji wa paa, akashuka mbiombio hata akasahau reki yake huko juu. Kila aliyesikia alishika kichwa, akasema maskini Verna, akasema yule Duane hana haya, kumfanyia hivyo mke wa marehemu kaka yake.

Ligi yao ilikuwa ya mezani. Kila Agosti watu kumi hukaa chumba cha nyuma cha baa ya Vikander na kugawana kwa zamu wachezaji wa kweli wa vilabu vya kweli vya mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mikononi. Jumapili ikifika, mchezaji wako akikimbia na mpira, akidaka, akivuka mstari wa mwisho, wewe unaandikiwa pointi. Mbavu zinazovunjika ni zao wachezaji, majigambo ni ya hawa waliokaa kwenye viti wakila jibini ya kukaanga. Mshindi hupewa kikombe cha bati chenye mpini mmoja na ruhusa ya kuwaudhi wenzake mwaka mzima, nayo ruhusa hiyo ndiyo iliyowafanya watu watoane macho kwa misimu kumi na saba. Len Stachowiak aliitafuta misimu yote hiyo asiipate. Februari moyo wake ulisimama akiwa anazoa theluji mlangoni, na Agosti ilipofika wanaume wale, kwa heshima, wakamwambia mjane wake akikalie kiti.

Kwa heshima. Verna alikuwa ameanza kulichukia neno hilo.

Sasa, huyo Fontenot. Msimu uliopita alikuwa mdakaji ambaye walinzi walimwota vibaya. Msimu huu alikuwa balaa. Mipira kumi na mmoja ilimponyoka mikononi katika mechi saba. Alimtupia msaidizi wa kocha kofia ngumu, akachelewa mazoezini mara nne, akawaambia waandishi wa habari kwamba afadhali arudi kwao Louisiana akauze kamba wa baharini. Klabu yake ya Omaha ilimfungia mechi mbili. Duane, fundi bomba, mtu wa kelele, ndiye aliyekuwa naye katika ligi ya mezani, na tangu Oktoba alikuwa akimtembeza kwa kila mtu kama anayetafutia paka wake nyumba, bila kupata wa kumtaka. Jumanne jioni Verna akampigia simu.

"Shemeji, yule Fontenot wako bado yupo?"

"Yupo, ananuka. Unataka nini?"

"Nakupa Tolliver."

Marcus Tolliver alikuwa akiongoza nchi nzima kwa kukimbia na mpira. "Verna," Duane akasema, "umekunywa?"

"Nimekunywa chai. Unasaini au nimpigie Gus?"

Alisaini kabla hajakata simu.

Asubuhi ya Alhamisi Harlan naye akapiga. Harlan ndiye msimamizi wa ligi tangu mwanzo, mzee mpole, mwenye sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa.

"Verna, dada yangu, usiwe na wasiwasi."

"Wasiwasi wa nini?"

"Wa hilo la Duane. Tumeshapata pingamizi tatu. Kesho tutapiga kura tulifute."

"Mimi nimekuomba ulifute?"

"Amekuonea, Verna. Mtu bado una msiba."

"Mimi ndiye niliyempigia simu, Harlan. Si yeye."

"Hilo ndilo linalotutia hofu zaidi," Harlan akasema, tena kwa huruma ya kweli. "Na tumefikiria hivi: tukishalifuta, kwa msimu uliobaki ukitaka kubadilishana na mtu, uniletee mimi kwanza nikutazamie. Ni kwa wema tu. Kiti ni chako, hakuna anayekuondoa."

Verna aliweka simu chini, akasimama jikoni. Hasira aliyokuwa nayo ni ile ya kutaka kuvunja sahani. Kama Harlan angemtukana, angejua la kufanya. Lakini kutazamiwa! Miaka sitini na mitatu, amelea watoto watatu, amemzika mume, leo mtu wa kusafisha mifereji anataka kumshika mkono avuke barabara. Aliliona wazi lililokuwa mbele yake. Kura ikipita, atabaki na kiti kama picha ya Len iliyotundikwa ukutani, kitu cha kusalimiwa na kupangusiwa vumbi. Kura ikishindwa, atakuwa mwanaligi.

Na alikuwa na neno moja la kuwafumba mdomo wote. Tatizo ni kwamba hakuweza kulisema.

Miaka thelathini na mmoja Verna alikuwa fundi miwani katika kliniki ya macho ya mji ule. Amepima pua na masikio ya kaunti nzima. Mtu wa kazi hiyo hatazami mpira kama watu wengine. Humtazama mtu anavyoshika kichwa. Na tangu Septemba, tangu wiki Fontenot alipogongwa kichwani na walinzi wawili kwa pamoja, Verna aliona anainamisha kichwa upande wa kushoto kila anapomsikiliza mwamuzi. Alirudia kutazama mipira yote kumi na mmoja iliyomponyoka. Tisa ilikuwa imetokea juu ya bega la kushoto. Kila mara viganja vilifunga kwa wakati wake, kwa nguvu yake, ila vilifunga juu kidogo ya pale mpira ulipokuwa. Mtu huyu hakuwa mzembe. Alikuwa anaona mipira miwili, mmoja juu ya mwingine, na alikuwa anaudaka ule usiokuwepo. Mtu anayeona vitu viwili wiki saba mfululizo huumwa kichwa, hulala vibaya, huchelewa kazini na hutupa kofia. Wagonjwa wa namna hiyo Verna alishawapokea wengi, wakiwa wametukana kila mtu nyumbani kwao.

Kisha Jumanne ile, picha ikatoka gazetini: Fontenot kwenye siku ya kuzaliwa ya binti yake, amevaa miwani. Watu walimcheka, wakasema sasa anajifanya msomi. Verna aliisogeza picha chini ya taa. Ukingo wa shavu la kulia, pale unapopita nyuma ya kioo, ulikuwa umehama, hauungani na shavu lenyewe. Kioo cha namna hiyo ni kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine. Hakitengenezwi kwa ajili ya kusomea. Kinatengenezwa kurudisha vitu viwili viwe kimoja. Ina maana kuna daktari huko Omaha aliyeligundua. Ndipo alipompigia Duane.

Basi mwone alivyonaswa. Asiposema, wataifuta biashara kwa kuwa amepunjwa. Akisema, wataifuta kwa kuwa amempunja Duane. Alilizungusha jambo hilo kichwani mchana kutwa, akapiga pasi hata mataulo, asipate pa kutokea.

Ijumaa saa kumi na moja baa ya Vikander ilikuwa imejaa harufu ya samaki wa ziwani na mafuta moto. Nusu ya wanaume walikuwa na makoti ya uwindaji ya rangi ya machungwa, maana kesho yake msimu wa kuwinda paa ulikuwa unafunguliwa. Wanaligi kumi waliketi chumba cha nyuma, kila mmoja na sahani yake ya samaki, kabichi na mkate mweusi. Kura ya ligi hiyo hupigwa kama ilivyopigwa tangu mwanzo. Wawili waliobadilishana husema dakika tatu kila mmoja na hawapigi kura. Wanane waliobaki hupitisha ndoo ya barafu iliyofunikwa kitambaa: kizibo cha bia ni kufuta, kipande cha limau kutoka sahanini ni kuacha. Zilizo nyingi hushinda. Zikilingana, biashara inasimama.

Duane alianza. Kwa kweli hata yeye alikuwa amekosa raha.

"Mimi sikumlazimisha mtu. Alinipigia, nikamuuliza amekunywa, akasema chai. Mkitaka kufuta, futeni. Sitaki kuambiwa kila Krismasi kwamba nimemla mjane."

"Umeshamla," Gus akasema, mdomo umejaa.

Watu wakacheka, kisha wakamkumbuka Verna na kukatiza kicheko. Harlan akamwelekea, akalainisha sauti. "Verna, dada, si lazima useme chochote. Tunaelewa."

Verna alisimama. Alikuwa ameandaa maneno mengine kabisa, ya hesabu na wastani wa pointi, lakini kile kicheko kilichokatizwa ndicho kilichompandisha.

"Nina swali," akasema. "Ule mwaka Duane alipompa Len yule mdakaji aliyevunjika kidole. Nani anakumbuka?"

Wote walikumbuka. Duane aliisikia habari ya kidole kwenye redio ya gari, na Len alikuwa ibadani. Alimsubiri mlangoni pa kanisa, akamsainisha kwenye ngazi, padri akiwa bado anapeana mikono na waumini.

"Mlipiga kura?"

Gus akajitia kuchambua miba ya samaki wake.

"Na wewe Harlan, ulipompa wakimbiaji wawili ambao Jumapili ile ile wote walikuwa wanapumzishwa. Mlipiga kura?"

"Ile..." Harlan akakohoa. "Ile ilikuwa zamani."

"Mlimcheka mwaka mzima! Mlimwimbia kwenye harusi ya binti yangu mwenyewe. Len alikuja nyumbani amekasirika, akala chakula chote, akakaa hadi alfajiri akipanga jinsi ya kuwarudishia. Mlimpunja miaka kumi na saba na hakuna hata mmoja wenu aliyemlinda. Unajua kwa nini, Gus?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa mwenzenu. Mtu hamlindi mwenzake kwenye ligi, anamnyoa. Sasa mimi mnanilinda. Mnanihurumia, mnanipunguzia sauti, mnataka kunitazamia. Sitaki! Kama hiki kiti ni changu, basi na mimi nipeni haki ya kupunjwa kama alivyopunjwa aliyekikalia."

Alipumua. Angeweza kukaa pale pale, na pengine angeshinda. Lakini alimtazama shemeji yake, akaona si haki kumwacha hivi hivi.

"Na wewe Duane, nikwambie ukweli mbele ya watu. Kuna kitu nakijua kuhusu Fontenot ambacho wewe hukijui. Si siri, kimetoka gazetini, yeyote mwenye macho angekiona. Sikwambii mpaka kura iishe. Ukitaka kujitoa, jitoe sasa, na mimi mwenyewe nitaomba ifutwe."

Chumba kizima kilimgeukia Duane. Duane alimtazama Verna, akatazama dari, halafu akaangua kicheko hadi povu la bia likamwagika.

"Shemeji! Wewe unajua kitu kuhusu mpira? Wewe uliyeniuliza Septemba kama Tolliver ni jina la mtu au la dawa ya mafua? Sijitoi. Kaa na siri yako, mimi nikae na mkimbiaji wangu."

"Wote mmesikia?" Verna akauliza.

"Tumesikia," wakajibu.

Ndoo ikapita. Ilipomrudia Harlan, aliingiza mkono chini ya kitambaa na kutoa moja moja. Kizibo. Kizibo. Limau. Kizibo. Limau. Limau. Kizibo. Vinne kwa tatu. Verna aliushika ukingo wa meza. Harlan akapapasa chini ya barafu, akatoa kitu kimoja kilichosinyaa, ganda tupu la limau lililokamuliwa hadi tone la mwisho.

"Hii ni taka," akasema mmoja wa wenye makoti ya machungwa.

"Taka zako!" Gus akaruka. "Hiyo ni kura yangu. Nilisahau, nikalikamua kwenye samaki kabla ndoo haijafika."

Kelele zikazuka. Wengine walisema kura ni limau zima, wengine wakauliza kanuni hiyo imeandikwa wapi. Harlan alilishika lile ganda kwa vidole viwili, akimtazama Verna kwa mara ya kwanza bila ile sura ya hospitali. Kizibo kimoja kati ya vile vinne kilikuwa chake, kila mtu alijua. Angelitupa lile ganda, hakuna ambaye angemlaumu.

"Limau ni limau," akasema, akaliweka pamoja na mengine. "Nne kwa nne. Biashara inasimama."

Jumapili saa sita mchana baa ilikuwa imejaa tena. Verna alikuja na koti lake zuri, akakaa meza ya mbele, akaagiza brandi yake yenye chungwa na cheri. Televisheni moja ilimwonyesha Tolliver, nyingine ikionyesha Omaha wakicheza ugenini Louisville. Fontenot alipotokea uwanjani baa ilipasuka. Chini ya kofia ngumu alikuwa amevaa miwani mikubwa ya michezo, imefungwa kwa mkanda.

"Verna!" Gus akapiga kelele. "Umenunua mwalimu wa hesabu!"

"Muulize kama ana kalamu ya ziada!" mwingine akadakia.

Hadi mapumziko, mwalimu wa hesabu alikuwa amedaka mipira miwili midogo, yote kutoka kulia. Tolliver alikuwa ameshavuka mstari mara moja, na Duane alicheza ngoma ya aibu kati ya viti, tumbo likitangulia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne Verna aliona kwamba huenda alikosea, kwamba huenda picha ilipigwa vibaya tu, naye ni mama mzee aliyejitia ujuaji. Alimeza funda kubwa.

Robo ya tatu, mrushaji wa Omaha alirudi nyuma, akaurusha mpira mrefu sana. Fontenot alikuwa anakimbia upande wa kulia wa uwanja, mlinzi yuko mgongoni pake, na mpira ulikuwa unashukia juu ya bega lake la kushoto.

Verna hakutazama mpira. Alitazama kichwa, na kichwa kilikuwa wima.

Viganja vilifunguka, vikafunga, na mpira ulikuwa ndani yake. Alikimbia hatua thelathini peke yake hadi mstarini, akapiga magoti, akaigusa miwani yake kwa kidole kana kwamba anahakikisha bado ipo. Verna alijikuta amesimama, anapiga kelele ambazo hakujua anazo. Dakika nane baadaye, bega lile lile, Fontenot akadaka tena. Robo ya nne akadaka wa tatu, mlinzi akiwa amemning'inia kiunoni, akavuka naye. Watu waliacha kuitazama televisheni ya Tolliver. Gus alipanda juu ya kiti. Harlan alikuwa akijumlisha pointi kwa penseli kwenye kitambaa cha karatasi cha mezani, akafika mahali akasimama, akajumlisha upya, akatikisa kichwa.

Duane aligeuka polepole. "Ulijua."

Verna alifungua mkoba, akatoa ile picha ya gazeti na kuilaza mezani. Alimwonyesha shavu, alimwonyesha ukingo uliohama, akamweleza kioo, kichwa kilichoinama, mipira tisa ya bega la kushoto. Wanaume wote waliinama juu ya meza kusikiliza, makoti ya machungwa yakisukumana. Hakuna aliyemkatiza.

"Kwa hiyo," Duane akasema, uso ukimbadilika rangi, "nilikuwa na mdakaji bora wa nchi hii, kasoro miwani."

"Ndiyo."

"Na ukaniita shemeji kwenye simu! Ukaniambia umekunywa chai!"

"Nilikuwa nimekunywa chai."

"Mwizi!" Duane akanguruma, akaupiga ubao wa meza hadi chupa zikaruka. "Mnyang'anyi! Harlan, huyu mwanamke ameniibia mchana kweupe, nataka pingamizi! Nani ananiunga mkono? Nani?"

Baa nzima ilimcheka, kicheko kirefu, hakuna aliyekikatiza. Harlan alifuta machozi kwa kile kile kitambaa chenye hesabu. Gus alikuwa ameshaanza kutunga wimbo wa fundi bomba na mwalimu wa hesabu, na wengine walikuwa wanadakia kiitikio.

Duane aliendelea kufoka, mishipa imemtoka shingoni, kidole kimeelekezwa puani mwa Verna. Miezi tisa watu walikuwa wakimwendea kwa ncha za vidole. Miezi tisa hakuna mtu aliyempazia sauti, hata kwa bahati mbaya. Verna alimtazama shemeji yake anavyopiga makelele kwa nguvu zake zote, mate yanaruka, na furaha ilimjaa kifuani hata akaogopa atalia mbele ya watu. Hakulia. Kwenye televisheni Omaha walikuwa wamepata mpira tena, na Fontenot alikuwa anajipanga upande wa kulia.

"Kaa chini, Duane," akasema. "Unanikinga, sioni."